Toa Moto na Mbuzi Ndani, Nyumba Itatosha



Kila mwaka pamba ikiisha kuuzwa hapa Magu, maneno ya nyumba huanza. Utamsikia mtu akisema: "Nyumba yangu ni ndogo. Watoto wamekua. Nikipata fedha nitajenga nyingine kubwa." Mwaka wa kwanza fedha haitoshi. Mwaka wa pili mvua inakuwa haba. Mwaka wa tatu unatokea msiba, au mtoto anakwenda sekondari. Nyumba kubwa haijengwi. Watoto wanaendelea kulala palepale, karibu na moto, karibu na mbuzi, vifua vikikoroma.

Leo tunataka kusema jambo moja tu. Nyumba nyingi za vijijini mwetu zinatosha watu wake. Kinachozifanya ziwe ndogo ni vitu tulivyoviingiza ndani ambavyo mahali pake ni nje. Kwa hiyo, kabla ya kuota nyumba mpya, panga upya hii uliyo nayo. Usingoje fedha za nyumba kubwa. Afya ya mtoto haingoji.

TUHESABU PAMOJA

Wewe umejifunza kusoma na kuhesabu. Hebu tutumie hesabu hiyo nyumbani kwetu.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Ina vyumba vitatu. Kila chumba kina urefu wa hatua 4 na upana wa hatua 3. Mara 4 kwa 3 ni 12. Vyumba vitatu ni mara 12 kwa 3, yaani hatua za mraba 36. Ndani wanaishi watu 8.

Mtu mzima akilala huchukua urefu wa hatua 2 na upana wa hatua 1. Hizo ni hatua za mraba 2. Watu 8 wanahitaji hatua 16. Nyumba ina 36. Je, hiyo ni ndogo? Hapana. Inabaki nafasi kubwa.

Sasa tuingie ndani tuone kuna nini. Mafiga na kuni vimechukua hatua 4. Mbuzi na kuku wamechukua 5. Magunia ya mpunga na mahindi yamechukua 4. Lundo la pamba limechukua 5. Makochi na meza ya wageni vimechukua 6. Pikipiki imechukua 2. Jumlisha: 4 na 5 ni 9, na 4 ni 13, na 5 ni 18, na 6 ni 24, na 2 ni 26.

Toa 26 katika 36. Zinabaki 10. Watu 8 wanaohitaji hatua 16 wamebakiziwa 10. Ndiyo maana watoto wanne wanabanana kwenye mkeka mmoja.

Haya, tuondoe vitu vitatu tu: moto, mifugo na pamba. Hizo ni 4, 5 na 5, jumla 14. Ongeza 14 kwenye 10. Sasa watu wana hatua 24. Wanahitaji 16. Zinabaki 8 za kupita. Chumba kimekwisha kupatikana, na hujafyatua tofali hata moja.

Fanya hesabu hii nyumbani kwako leo jioni. Pima kwa hatua. Andika kwenye daftari. Utaona ni nani anayekaa ndani ya nyumba yako: ni watu, au ni vitu?

PAA LIMEBADILIKA, MOTO HAUJAHAMA

Wengine watasema: "Wazee wetu walipika ndani na walilala na ndama ndani. Mbona waliishi?"

Swali hili ni la haki. Tusiwadharau wazee. Ukienda Bujora, karibu na Kisesa, katika kijiji cha makumbusho ya Wasukuma, utaona nyumba ya msonge ilivyokuwa. Paa lake ni la nyasi. Moshi hupenya polepole katikati ya nyasi na kutoka. Moshi huo pia hukausha nyasi na kufukuza wadudu wanaozila. Moto uliwapa watu joto na mwanga. Hapakuwa na taa ya mwanga wa jua kama zinazouzwa siku hizi magengeni.

Lakini hata zama hizo moshi uliumiza. Bibi wengi walizeeka na macho mekundu yenye machozi, na watoto wengi walikufa kwa kifua. Watu walisema ni kazi ya Mungu, au ni kurogwa.

Na sasa mambo yamebadilika. Watu wengi wameezeka bati. Bati ni zuri, halivuji na haliliwi na mchwa. Lakini bati halipitishi moshi. Moshi unapanda, unagonga bati, unarudi chini kwa aliyelala. Tumebadilisha paa, lakini hatukuhamisha moto. Hapo ndipo tulipokosea.

MOSHI UNAFANYA NINI?

Moshi wa kuni, wa mabua na wa kinyesi cha ng'ombe una chembe ndogo sana ambazo jicho halizioni. Chembe hizo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni wakati mama anapika huvuta moshi ule ule anaovuta mama, na mapafu yake bado ni machanga. Kwa hiyo hushikwa upesi na homa ya mapafu, ambayo watu wengine huiita nimonia. Mama naye huweza kupata ugonjwa wa mapafu usiopona na mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayevuta moshi kila siku huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hawa hawakufa kwa vita. Wamekufa kwa moto wa kupikia chakula chao wenyewe.

Fikiri basi jambo hili. Mama anamchukua mtoto anayekohoa, anatembea naye hadi zahanati. Mganga anampa dawa. Jioni mtoto anarudishwa kulala palepale penye moshi. Baada ya mwezi wanarudi tena zahanati. Dawa inafanya kazi, lakini nyumba inaiharibu kazi hiyo. Tutawalaumu waganga mpaka lini?

MBUZI, KUKU NA WADUDU WAO

Mifugo ni mali. Hakuna Msukuma asiyelijua hilo. Lakini mbuzi akilala ndani, halali peke yake. Huja na viroboto, kupe na funza. Mkojo wake hulowanisha sakafu. Kinyesi chake huleta inzi, na inzi hutua kwenye uji wa mtoto. Mtoto anayetambaa hushika kinyesi cha kuku na kutia mkono kinywani. Kuhara huanzia hapo.

Tena yuko mdudu aitwaye papasi. Huyu hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka na kumuuma mtu aliyelala chini. Huleta homa inayokuja, inayokwenda, na kurudi tena. Sakafu iliyochimbwa na kwato za mbuzi, yenye vumbi na nyufa, ndiyo makao yake mazuri.

Tunajua kwa nini watu hulala na mifugo. Wanaogopa wezi. Hofu hiyo si ya bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe uliwachosha Wasukuma mpaka wakaunda sungusungu kuwalinda. Basi hatusemi mbuzi apelekwe mbali porini. Tunasema ajengewe banda lake karibu, hatua chache tu, mlango wake ukitazamana na mlango wako. Weka komeo imara. Mbwa alale hapo. Mfunge kengele mbuzi mmoja au wawili, akishtuka utasikia. Kuku wajengewe kibanda juu ya miti minne, kimo cha kiuno. Kicheche hatawafikia, na kinyesi kitaanguka chini ambako utakizoa upeleke bustanini.

KAZI IFUATE MPANGO

Kazi hii ina mpango wake. Ukianza na la mwisho utaharibu la kwanza. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, kwa sababu udongo hukauka vizuri na mikono ya kazi ipo nyumbani.

KWANZA: TOA MOTO. Jenga jiko la uani. Nguzo nne, paa la nyasi au bati kuukuu, na ukuta unaoishia kiunoni. Juu ya ukuta pawe wazi ili moshi utoke. Kabla ya kuchagua mahali, washa majani kidogo asubuhi na jioni, utazame moshi unaelekea wapi. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na usiku huweza kugeuka. Jenga pale ambapo moshi hautaingia mlangoni. Jiko la udongo liinuliwe kutoka chini. Mama hatainama kutwa, na mtoto hatatumbukia motoni. Tumia kuni kavu, kwa sababu kuni mbichi ni moshi mtupu. Weka kigogo au lango dogo mlangoni ili watoto wadogo wasiingie.

Wengine husema jiko la nje halifai wakati wa masika. Ndiyo maana tumesema liezekwe. Na kama kweli huna uwezo wa kulijenga mwaka huu, basi tenga chumba cha mwisho kiwe cha kupikia tu. Kiwe na mlango wake wa nje na dirisha lake, na ukuta wake uende hadi kwenye paa ili moshi usivuke kwenda kwa waliolala.

Kuna onyo moja kubwa. Usiingize kamwe jiko la mkaa ndani na kufunga mlango ili kupata joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala nayo wasiamke.

PILI: TOA MIFUGO. Jenga banda kama tulivyoeleza. Kisha zoa sakafu yote, toa udongo uliolowa mkojo, leta udongo mpya, shindilia, kandika. Ziba nyufa zote za kuta. Methali yetu yasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: usipoziba ufa, papasi atakaa humo.

TATU: TOA PAMBA, INUA NAFAKA. Pamba iliyorundikwa ndani ina hasara tatu. Inachukua nafasi ya watoto. Inashika moto upesi sana. Tena inachanganyika na manyoya ya kuku na vumbi, na pamba iliyokuwa safi inahesabiwa kuwa fifi. Basi kausha, chambua, na ipeleke upesi kwenye chama cha ushirika kituo kikifunguliwa.

Nafaka ina haki ya kukaa ndani, lakini isilale chini. Panga magunia juu ya mbao au miti, shubiri moja kutoka sakafuni, mbali kidogo na ukuta. Hakikisha mahindi yamekauka kabla ya kuyatia guniani. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hutoa sumu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa sumu hiyo. Michembe na matobolwa navyo viwekwe juu, pakavu.

Dawa ya kunyunyizia pamba isilale chumba kimoja na watu hata usiku mmoja. Ifungiwe nje, juu, penye kufuli. Wala kopo lake lisitumiwe kuchotea maji. Ninyi wa mwaloni, petroli ya mashine ya mtumbwi nayo ina sheria hiyo hiyo. Na wewe mwenye pikipiki, ukiilaza ndani kwa kuogopa wezi, isiwe chumba cha watoto, wala pasiwashwe moto karibu nayo.

NNE: FUNGUA MADIRISHA. Nyumba nyingi zina kidirisha kimoja kama tundu la njiwa. Hewa hutaka mahali pa kuingia na mahali pa kutokea. Kila chumba cha kulala kipate dirisha, na inapowezekana yawe mawili yanayokabiliana. Futi mbili kwa futi mbili linatosha kwa chumba kidogo.

Jihadhari unapokata ukuta uliokwisha kujengwa. Usikate karibu na pembe ya nyumba. Acha hatua moja. Usikate chini ya mahali boriti kubwa inapokalia. Kama ukuta umeinama au una ufa mkubwa, acha kwanza, mwite fundi. Juu ya dirisha weka mti mgumu unaozidi pande zote mbili kwa shubiri moja, ili ubebe uzito wa juu. Uweke mti huo kwanza, ndipo ukate chini yake. Wezi wakikutia hofu, weka vyuma au miti migumu iliyosimama karibu karibu. Hewa itapita, mwizi hatapita.

Dirisha ni dawa ya kifua kikuu pia. Mgonjwa anapokohoa, vijidudu huelea katika hewa. Katika chumba kilichofungwa hukaa muda mrefu vikingoja pafu la mtu mwingine. Hewa ikipita, huchukuliwa nje. Lakini dirisha peke yake halitoshi. Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi aende zahanati kupimwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

TANO: ZIBA NJIA YA MBU. Hili liwe la mwisho, na tuna sababu. Mbu wa malaria huingia sana kwa uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Uwazi huo unafaa kuzibwa kwa udongo au kwa wavu. Lakini ukiuziba wakati moto bado uko ndani, umefunga moshi pamoja na watoto wako. Kwa hiyo moto utoke kwanza, dirisha lifunguke, ndipo uwazi uzibwe na dirisha litiwe wavu.

Jambo hili limejaribiwa. Huko Gambia, Afrika Magharibi, watafiti waliweka wavu katika nyumba za kawaida za watu. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Mbu ndani ya nyumba hizo walipungua kwa karibu nusu. Katika nyumba zisizotiwa wavu, watoto 19 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika zile zilizotiwa wavu, walikuwa 12 katika kila 100. Nyumba hizo hazikujengwa upya. Zilirekebishwa tu.

Hata hivyo, kila mtu aendelee kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua kikichakaa kabisa kisifae tena kitandani, kikate ukitie dirishani. Usikipeleke mwaloni kuvulia dagaa.

SEBULE NI YA NANI?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengine hawatalipenda.

Katika nyumba nyingi chumba kikubwa kuliko vyote ni sebule ya wageni. Makochi yamepangwa, vitambaa vimetandikwa, mlango umefungwa. Mgeni anakuja mara moja kwa mwezi, na akija mara nyingi hukaa nje chini ya mwembe. Lakini watoto sita wanalala kila usiku katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha.

Sisi tunasema hiyo si heshima kwa mgeni. Mgeni mwenye akili hufurahi akiona watoto wa mwenyeji wake wana afya. Kumpokea mgeni ni desturi yetu njema, na haitavunjika. Fanya hivi: chumba kimoja kipate kazi mbili. Mchana kiwe sebule. Usiku makochi yasogezwe, mikeka au magodoro yatandikwe, vyandarua viteremshwe kutoka kwenye misumari ya juu. Asubuhi vyote vikunjwe. Kwa njia hiyo wavulana waliokua wapate chumba chao, na wasichana chao. Hili ni la afya, tena ni la adabu.

Tumia pia nafasi zilizolala bure. Mvunguni mwa kitanda yawekwe masanduku. Ukutani pigiliwe vigingi vya kutundikia nguo na majembe. Penye ukuta mnene chonga shubaka la kuweka taa na daftari. Nje jenga kichanja cha vyombo, jua livikaushe. Kila kitu kinachoinuliwa kutoka sakafuni kinampa mtoto mahali pa kulala.

NANI AAMUE?

Hapa tunasema na baba wa kaya. Katika nyumba nyingi wewe ndiwe unayeamua nyumba ijengwe vipi. Lakini anayeikaa mchana kutwa ni mama. Anayeuvuta moshi ni mama na mtoto wa mgongoni. Asiyepika hajui moshi.

Basi jioni moja chukua kigoda, ukae jikoni kuanzia moto unapowashwa mpaka ugali unapopakuliwa. Usitoke. Macho yakiwasha, yaache yawashe. Ukimaliza, mwulize mkeo: "Jiko tulihamishie wapi?" Msikilize. Yeye anajua upepo unatoka wapi, maji yanakaa wapi, na mtoto anatambaa kuelekea wapi.

Usiseme kazi ya jiko si kazi ya mwanamume. Kuchimba nguzo na kuezeka ni kazi yako. Kibanda cha nguzo nne hakikushindi wewe uliyejenga boma la ng'ombe.

TULIKWISHA KUWEZA

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakazungumza. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kisha waliinuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Wengi wao ndipo kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Hawakungoja mfadhili. Walianza na jembe lililokuwa nyumbani.

Mwaka 2024 Serikali ilianzisha mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo jema. Lakini gesi ikifika kwako leo, utaiweka wapi? Nayo inataka jiko lenye hewa, mbali na kitanda cha mtoto. Aliyekwisha kuhamisha moto nje ya chumba cha kulala yuko tayari kuipokea. Asiyehamisha atakuwa bado anatafuta nafasi.

Hatusemi watu wasijenge nyumba mpya. Mwenye uwezo ajenge. Tunasema nyumba mpya yenye mafiga, mbuzi na pamba ndani itakuwa ndogo pia baada ya miaka miwili. Anayejua kupanga nyumba ndogo ndiye atakayeishi vizuri katika nyumba kubwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na moja. Kiangazi hiki toa moto. Kiangazi kijacho toa mifugo. Mwaka wa tatu kata dirisha. Haba na haba hujaza kibaba. Mbuzi mjengee banda, na moto ujengee kibanda. Nyumba waachie watu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Pima nyumba yako kwa hatua. Watu wana hatua za mraba ngapi, na vitu vina ngapi?

2. Kwa nini moto utolewe kwanza kabla ya kuziba uwazi ulio kati ya ukuta na paa?

3. Katika kijiji chetu, watoto wangapi wanalala chumba kimoja na moto au mifugo? Tufanye nini mwezi huu?

4. Ni kaya zipi zenye wazee au wagonjwa wasioweza kujenga jiko la uani wenyewe? Nani atakwenda kuwasaidia, na siku gani?